Utabisha Hodi kwa Nani?

Mama alinipigia simu saa tatu usiku, saa ambayo Kangema watu wamelala au wanakaribia kulala, kwa hiyo nilishika simu moyo ukiwa tayari uko juu. Hakuna aliyekufa. Alikuwa ametoka kwa kikao cha chama chao, akina mama kumi na wanne wanaopeleka majani chai kituo kimoja, na bonasi ilikuwa imeingia wiki hiyo. Mmoja wao ana binti Qatar ambaye ameanza kumtumia pesa kwa kripto, zile dola za kidijitali, kwa sababu anasema makato ni madogo. Basi kikao kikageuka darasa. Vile shilingi ilianguka Januari 2024 hadi dola moja ikawa inasoma 160 hivi, hakuna aliyesahau, hata baada ya shilingi kujikokota na kupanda tena. Wakawa wanaulizana: kwani haiwezekani sehemu ya akiba ya chama ikae huko kwa dola?

"Wewe ndiye uko Nairobi na hizi kompyuta," mama akasema. "Tuambie waleti gani ni ya kuaminika."

Nikafungua mdomo nitaje jina, ulimi ukakwama. Si kwamba sikuwa na majina. Ninazo waleti mbili kwa simu yangu na sijawahi kupoteza hata senti. Lakini niliona jambo moja waziwazi: nikitaja jina, hawa akina mama kumi na wanne hawatakuwa wameamini programu. Hakuna hata mmoja wao atakayeichunguza. Watakuwa wameniamini mimi. Na mimi nilimwamini nani? Jamaa mmoja wa YouTube mwenye kofia, ambaye siwezi kukuambia anaishi nchi gani.

Nikamwambia mama nitampigia kesho. Hiyo kesho ilichukua wiki tatu.

Tuanze na jina lenyewe, kwa sababu linatudanganya. Waleti haina pesa ndani. Pochi ya mfukoni ikichukuliwa pale Ngara, noti zimeenda nayo. Waleti ya kripto ni kitu kingine kabisa. Pesa, kama tutakubali kuziita pesa, ni mstari kwenye daftari kubwa ambalo nakala zake ziko kwa maelfu ya kompyuta duniani, na mstari huo unasema kwamba anwani fulani ina kiasi fulani. Kinachokaa kwa simu yako ni ufunguo wa siri, ule unaokuwezesha kutia sahihi na kuliambia daftari: toa hapa, peleka pale. Waleti nyingi hukupa ufunguo huo kwa sura ya maneno 12 au 24 yaliyookotwa kutoka orodha ya maneno 2,048. Orodha hiyo ipo kwa Kiingereza, Kijapani, Kifaransa, hata Kicheki. Kiswahili hakimo. Na neno la kwanza kabisa kwenye ile ya Kiingereza, kwa sababu tu ya alfabeti, ni lile la kutelekeza. Sijui kama kuna aliyecheka alipoliona.

Aliye na hayo maneno ndiye mwenye mali. Hakuna ofisi ya kwenda na kitambulisho, hakuna kubonyeza namba ya huduma kwa wateja ukasikiliza muziki dakika ishirini. Ukiyapoteza umepoteza. Mtu akiyaona, ameshachukua au atachukua.

Tulilelewa tukiambiwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeifikiria sana hiyo methali, kwa sababu kripto imeleta hasara ambayo wahenga hawakuiwazia: mali yenye daftari, tena daftari lisilofutika, inayopotea pamoja na habari zake zote.

Binamu yangu anaijua hiyo hasara. Miaka mitatu hivi alikuwa akiandikia watu kazi za mtandaoni, analipwa kwa USDT, na tofauti na sisi wengine hakuwa mtu wa kula kila kitu. Alikuwa amefikisha karibu laki moja na nusu. Alifanya kila kitu ambacho wajuzi husema ufanye. Hakuacha pesa kwa soko la kripto, alizileta kwa waleti yake mwenyewe. Hakupiga picha ya maneno, hakuyatuma WhatsApp. Aliyaandika kwa kalamu kwenye daftari la shule, ukurasa wa katikati, na daftari akalipeleka Kangema kwa cucu, kwenye katoni ya vitabu vyake vya zamani chini ya kitanda. Nairobi mtu anaweza kuvunja nyumba. Nani atavunja nyumba ya cucu kutafuta daftari la Jiografia la kidato cha pili?

Simu yake ilinyakuliwa dirishani mwa matatu. Hakuhangaika. Jumamosi akapanda gari hadi Murang'a, akapanda lingine hadi Kangema, akaingia chumbani, katoni haipo. Ilikuwa Julai. Kama hujawahi kuwa upande huo wa Nyandarua mwezi wa Julai, ukungu hukaa juu ya majani chai hadi saa sita, kuni hazishiki moto, na mwanamke wa miaka themanini anayeamka saa kumi na mbili kuchemsha chai anahitaji karatasi kavu. Madaftari ya mjukuu aliyemaliza shule miaka kumi iliyopita ni karatasi kavu. Alikuwa ameyatumia taratibu, daftari moja wiki moja, na alimwonyesha mawili yaliyobaki, ya Hisabati, akamuuliza kama anayataka.

Binamu yangu akasema hapana, cucu, tumia tu.

Zile pesa bado ziko. Hilo ndilo linalomla. Ukiingiza anwani yake kwenye tovuti yoyote ya kusomea lile daftari la dunia, unaona kiasi, unaona tarehe ya mwisho zilipoguswa. Hakuna mwizi. Ziko salama kuliko pesa zote zilizowahi kuwa salama, na hazitamfaa mtu yeyote milele.

Nimejiuliza alikosea wapi. Jibu la haraka ni kwamba angeandika nakala mbili, angechonga kwa bati, na ni kweli. Lakini kosa lenyewe naona liko mahali pengine. Alimwachia cucu amana bila kumwambia ni amana. Alimfanya mlinzi bila yeye kujua analinda nini, kwa sababu masharti ya kitu chenyewe ni siri: usimwambie mtu, hata mkeo, hata mamako. Sasa hebu fikiria. Kumwamini mtu ni kumwambia kitu kinachoweza kukuumiza na kumwachia nafasi ya kutokuumiza. Binamu yangu alitegemea nyumba ya cucu. Cucu mwenyewe hakumwamini na chochote.

Tofauti hiyo, kati ya kutegemea na kuamini, si yangu. Mwanafalsafa Annette Baier aliiandika kwenye makala ya mwaka 1986, kwamba kitu tunachokitegemea kikituangusha tunakasirika tu, lakini mtu tunayemwamini akituangusha tumesalitiwa. Mama angeelewa bila kusoma makala. Kwenye kituo cha chai kuna mizani na kuna karani. Mizani ikiharibika, akina mama watanung'unika na kuitisha nyingine. Karani akiichezea, jina lake litatajwa jikoni kwa miaka. Ndiyo maana, ingawa mizani siku hizi ni ya kidijitali na inatoa risiti, utamwona mama ameinua kikapu kwa mkono kabla ya kukiweka, anapima mwenyewe kwanza.

Kwa hiyo "waleti ya kuaminika" ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. Je, mizani inafanya kazi? Na karani ni nani?

Chukua zile waleti ambazo kampuni ndiyo inashika ufunguo. Unafungua akaunti, unaweka namba ya siri, ukisahau wanakurudishia. Inafanana sana na M-Pesa na kwa hiyo tunaipenda, maana sisi ni watoto wa 2007, tumelelewa kwa wakala na namba nne. Lakini uliza: pesa nilizoweka huko ni amana au ni mkopo? Kiswahili kinalo neno amana, limetoka kwa Kiarabu kwenye mzizi mmoja na imani na amani, na huko Pwani maana yake imebebwa na sheria ya dini kwa karne nyingi: aliyewekewa kitu akitunze, asikitumie, na kikiharibika bila uzembe wake halipi. Benki haiko hivyo. Tangu kesi ya Foley na Hill kule Uingereza mwaka 1848, mahakama zilishasema kwamba pesa ukiiweka benki ni ya benki, na wewe ni mdai wake tu. Umewakopesha. Tumelala usingizi na jambo hilo kwa sababu kuna Benki Kuu juu yao, na kwa sababu benki ikianguka, shirika la bima ya amana litakulipa hadi shilingi 500,000. Wale waliokuwa na pesa Imperial Bank mwaka 2015 au Chase Bank mwaka 2016, wakati kiwango kilikuwa bado 100,000, watakueleza usingizi huo ulikuwa mtamu kiasi gani.

Soko la kripto lilituahidi amana, likafanya mkopo, bila Benki Kuu na bila bima. Masharti ya FTX yalisema wazi kwamba mali ya mteja inabaki ya mteja. Novemba 2022 watu wakajua mabilioni ya dola yalikuwa yamepitishwa mlango wa nyuma hadi kampuni dada na kuchezewa. Mwenyewe alifungwa miaka 25 mwezi Machi 2024. Kabla yake kulikuwa na QuadrigaCX ya Kanada, ambayo mwanzilishi wake alifariki India mwishoni mwa 2018, na wateja wakaambiwa kwamba funguo zote alikuwa nazo yeye peke yake na amezikwa nazo. Watu walilia kwa bahati mbaya hiyo. Wapelelezi walipochimba, ilionekana bahati mbaya haikuwa nyingi: sehemu kubwa ya pesa alikuwa ameshaimaliza akiwa hai.

Ndio maana wapenzi wa kripto wanakuambia shika ufunguo wako mwenyewe. Na ndilo lilikuwa wazo la mwanzo, kwenye ile karatasi iliyotolewa na Satoshi Nakamoto tarehe 31 Oktoba 2008, wiki chache tu baada ya benki ya Lehman kuanguka: malipo ya moja kwa moja, bila mtu wa kati wa kuaminiwa. Nakiri wazo hilo lilinishika kama dini nilipolisoma mara ya kwanza. Sisi ni nchi ambayo ukiambiwa "niamini" unashika mfuko. Dunia isiyohitaji imani ilionekana kama dunia ya haki.

Shida ni kwamba ukimwondoa mtu wa kati hujabaki na sifuri. Unabaki na aliyeandika programu. Unabaki na duka la programu, ambalo limewahi kuweka waleti bandia zenye nembo sawasawa na ya kweli. Unabaki na kiwanda kilichotengeneza simu, na fundi wa River Road aliyebadilisha skrini. Wanasema chagua waleti ambayo msimbo wake uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma, na ni shauri zuri, naliunga mkono. Ila mimi siwezi kuusoma. Ninawaamini wanaoweza, na natumai kwamba kweli walisoma, kwamba hakuna kila mmoja aliyemwachia mwenzake. Februari 2025 soko la Bybit liliibiwa karibu dola bilioni moja na nusu kutoka kwa ile waleti iliyokuwa ngumu zaidi kuguswa, inayohitaji sahihi za watu kadhaa. Watu hao walitia sahihi. Skrini zao zilionyesha kitu kimoja na walichokuwa wakiidhinisha kilikuwa kingine.

Halafu unabaki na wewe mwenyewe. Yuko mtu wa Newport, Wales, ambaye kuanzia 2013 alikuwa akiomba aruhusiwe kuchimba jaa la taka kwa sababu kifaa chenye ufunguo wa Bitcoin kama 8,000 kilitupwa huko. Yuko mtaalamu wa kompyuta, si mtu wa kubahatisha, mwenye Bitcoin 7,002 ndani ya kifaa kinachotoa nafasi kumi za kukisia nywila, na habari zake zilipotoka mwaka 2021 alikuwa ameshatumia nane. Yuko binamu yangu. Kujiamini nako ni kumwamini mtu fulani, na huyo mtu nimeishi naye, najua anavyosahau funguo za nyumba.

Nilipofika hapo nikarudi kwa njia ya zamani. Nilimuuliza mama, siku moja nikiwa nimeenda nyumbani, yeye huamuaje nani wa kuwekewa pesa. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Mtu ambaye najua lango lake."

Basi. Lango lake. Mtu ambaye mambo yakiharibika utaamka asubuhi, utafunga leso, utaenda kubisha hodi kwake, na majirani wataona umesimama hapo. Kwa watu wa huku hiyo ndiyo bima. Mipaka ya mashamba ilipandwa maua ya itoka, na mpaka haukulindwa na ua, ulilindwa na wazee waliokuwepo likipandwa na waliokuwa na nyumba zinazojulikana.

Nimelipenda jibu lake, na kwa wiki nzima nilidhani ndilo jibu. Kisha nikakumbuka 2006 na 2007. Upatu wa piramidi ulipita nchi hii kama mafua, DECI ndiyo wengi wanaikumbuka, hadi serikali ikaunda jopo chini ya Francis Nyenze kuchunguza. Na uliingiaje vijijini? Ulipitia malango yanayojulikana. Mwalimu alimwambia mwalimu, mama wa kanisa akamwambia mwenzake baada ya ibada. Pesa zilipopotea, watu hawakubisha hodi. Waliona haya. Utamwendea nani, dada yako aliyekuingiza, naye amepoteza zaidi yako? Lango linalojulikana ndilo mwizi hupitia, na ukijuana sana na mtu ndivyo inavyokuwa vigumu kumdai.

Na kinyume chake kipo pia. Murang'a ndiko ilikozaliwa Equity, mwaka 1984, ikiwa jumuiya ndogo ya kukopesha watu nyumba. Mwaka 1993 Benki Kuu ilipoikagua ilikuta kimahesabu imekwisha, zaidi ya nusu ya mikopo yake hailipwi. Leo ni benki ambayo iko hadi Kongo, na aliyeikokota kutoka shimoni, James Mwangi, ni mtoto wa Kangema. Wazee wa huku hupenda kuisimulia kama hadithi ya imani. Mimi nauliza swali la uchokozi: aliyeacha pesa zake huko mwaka 1993, alikuwa na busara au alikuwa na bahati? Kama ingefungwa mwaka huo, na ilikuwa karibu, lango lilelile, watu walewale, uaminifu uleule, tungemwita mjinga. Mtu anaweza kuwa mwaminifu na akaanguka. Anaweza kuwa mwizi na akasimama miaka kumi. Mwisho wa hadithi hautuambii sana kama uamuzi ulikuwa mzuri.

Onora O'Neill alisema kitu ninachokirudia: hatuhitaji imani zaidi, tunahitaji kuiweka kwa wanaostahili, na kwa hilo mtu anapaswa kujifanya aweze kupimwa. Nikaanza kuuliza waleti swali hilo. Si "je, ni salama?", kila moja itasema ni salama. Nauliza: mnaniruhusu niwapime vipi? Naweza kuweka shilingi mia tano, nikazitoa hadi M-Pesa, nione? Naweza kuifuta programu leo na kuirudisha kwa yale maneno 12 kabla sijaweka pesa ya maana? Nikifa, mtu wangu atafuata njia gani? Kuna kampuni yenye jina na anwani ambayo mahakama ya Kenya inaweza kuiita? Na jambo moja sina mjadala nalo: yeyote anayeniomba yale maneno, awe "huduma kwa wateja" au "mhandisi wa mtandao", huyo ni mwizi, hata kama anaongea Kiswahili kizuri namna gani.

Hilo la mahakama limebadilika kidogo. Julai na Agosti 2023, vijana walipojipanga foleni KICC wakaguliwe macho na Worldcoin kwa sarafu 25, kama shilingi elfu saba wakati huo, wengi walikuwa wakipakua waleti yao ya kwanza maishani, na hakuna aliyeuliza swali hata moja kati ya haya, mimi nikiwemo. (Nilifika, nikaona foleni, nikarudi. Si busara, ni njaa.) Serikali ilisimamisha zoezi tarehe 2 Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za watu zifutwe. Oktoba 2025 tukapata sheria ya watoa huduma za mali pepe, ambayo inawapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji kazi ya kutoa leseni. Ni nusu ya lango. Kuna mahali pa kubisha. Lakini ile bima ya laki tano haifiki huko, na sheria haitakuokotea daftari lililochomwa.

Haya yote niliyapeleka kwa kikao cha chama, Jumapili baada ya kanisa, kwenye sebule ya mweka hazina. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu wa mtihani. Nikaeleza ufunguo, nikaeleza kampuni, nikafika kwa ile aina ya waleti yenye funguo tatu, ambapo zinahitajika mbili kati ya tatu ndipo pesa zitoke, nikaona wanatazamana.

"Kama sanduku," mmoja akasema.

Lilikuwa pale kwenye kona, chini ya kitambaa. Sanduku la bati lenye kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu wa nyumba tofauti, na halifunguliwi ila wote wapo na pesa zinahesabiwa kwa sauti. Wamelitumia miaka mingi. Nilikuwa nimekuja na teknolojia ya kisasa kuwafundisha walichokuwa wamekifunika kitambaa. Tofauti ni kwamba sanduku lao linataka zote tatu, na yule aliyeshika ufunguo mmoja akilazwa hospitali chama kinangoja. Wakaliona hilo haraka, wakaanza kubishana juu ya sanduku, kripto ikasahaulika kwa nusu saa.

Mwishowe walipiga kura. Kumi na mmoja walikataa, watatu wakakubali, mama akiwa kati ya watatu, jambo lililonishangaza. Sababu ya waliokataa haikuwa kwamba ni wizi. Mweka hazina aliisema hivi: kwa sanduku, kila mmoja wetu anaweza kuona kama tunaibiwa, kwa hii yako, ni wewe tu unayeweza kuona, na wewe unaishi Nairobi. Sikuwa na la kujibu. Pesa zao ziko kwa sacco.

Binamu yangu ndiye alirudi kwa ile hesabu ya mbili kati ya tatu. Ameanza kuweka tena. Ufunguo mmoja uko kwa simu yake mpya, wa pili ameniomba nikae nao mimi, na nimekubali, uko kwa bahasha mahali ambapo mke wangu anapajua na anajua ni wa nini. Wa tatu anataka ukae Kangema. Kwa cucu. Ni hesabu nzuri: moto ukichukua mmoja, miwili inabaki.

Akaniomba nimpelekee hiyo bahasha. Nimwambie tu ni barua muhimu, asiichome.

Nikamuuliza kama cucu anajua juu ya yale madaftari. Akasema hapana, na hatajua, atavunjika moyo, tena kwa umri wake. Ni mapenzi, siwezi kusema si mapenzi. Lakini cucu huniuliza kila nikienda kwa nini huyu kijana hamtembelei siku hizi, amemkosea nini, na mimi huwa namwambia ni kazi. Nilimwambia binamu yangu sitabeba bahasha. Akitaka mlinzi aende amwambie anachokilinda, na hawezi kumwambia hilo bila kumwambia na lile lingine.

Tulinuniana wiki mbili. Jumamosi iliyopita alinitumia ujumbe asubuhi, kwamba yuko kwa gari, wamepita Kenol. Saa kumi jioni nikampigia. Alishika, nikasikia kuni na sufuria nyuma yake, na sauti ya cucu ikiuliza jambo kwa Kikuyu ambalo sikulipata vizuri.

"Niko jikoni," akasema kwa sauti ya chini. "Nitakupigia."

Hajapiga bado.